Habari za Mbegu na Haki ya Mkulima



Wazee wetu walipoungana walitafuta kwanza haki ya mizani. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa viliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Habari za mbegu hazikuwasumbua sana. Watafiti wa Ukiriguru waliizalisha, jineri ziliitoa, naye mkulima aliipokea. Herufi UK katika UK77, UK82 na UK91 zatokana na jina hilo la Ukiriguru.

Siku hizi hapana budi kuuliza mbegu ni mali ya nani. Mwaka 2002 Bunge lilitunga sheria ya haki miliki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu, na sheria ya mwaka 2012 ikachukua nafasi yake. Tarehe 22 Novemba 2015 Tanzania iliingia katika UPOV, umoja wa mataifa yanayolinda haki hizo. Aina iliyo mpya, tofauti na nyingine, yenye miche inayofanana, na isiyogeuka kizazi hata kizazi, hulindwa miaka 20. Miti na mizabibu miaka 25. Katika muda huo haizalishwi kwa biashara wala kuuzwa ila kwa idhini ya mwenye haki.

Sheria hiyo ina faida. Hapa Songwa mvua za Novemba hadi Aprili hazitegemeki tena. Twahitaji mbegu ya kukomaa upesi, kama mtama wa Macia uliopitishwa nchini mwaka 1999. Kuizalisha ni kazi ya miaka mingi, na mtafiti hastahili kunyang'anywa jasho lake.

Lakini mkulima naye ana jasho. Mtama na uwele wa asili vilichaguliwa na bibi zetu, suke kwa suke, hata katika miaka ya njaa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, uliopitishwa chini ya FAO, watambua mchango huo.

Basi tujue mipaka. Mbegu ya asili twaweza kuihifadhi na kupeana. Mbegu iliyolindwa ina masharti yake. Asiyejua ipi ni ipi aweza kuvunja sheria, au kuiacha haki yake kwa hofu tu. Yafaa kila chama cha msingi kiwe na daftari la mbegu, lenye jina la kila aina, asili yake, na kama imelindwa. Wazee walijifunza kuisoma mizani wenyewe. Nasi tujifunze kuisoma sheria hii.