Makanika Aliyewafunza Wachumi

Mwenye matatu yeyote analijua hili swali. Injini imeanza kutoa moshi: unabadilisha sasa ama unasukuma hadi mwezi ujao? Ukiharakisha, umechoma pesa. Ukingoja sana, gari inakufia barabarani na abiria ndani.

Jamaa mmoja wa Marekani alilijibu swali hilo kila mwezi, kwa mabasi ya mji mzima. Anaitwa Harold Zurcher, na alikuwa msimamizi wa matengenezo katika kampuni ya mabasi ya Madison, Wisconsin. Hakuwa profesa. Lakini mwaka wa 1987 jina lake liliingia kwenye kichwa cha makala ya John Rust katika jarida la Econometrica, na wachumi hawajamsahau mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. Hesabu yenyewe inaitwa programu dinamiki, na aliyeipa jina ni Richard Bellman, mwanahisabati wa shirika la RAND, miaka ya 1950. Wazo ni rahisi kuliko jina. Uamuzi wa leo una bei mbili: unachopata leo, na hali inayokuachia kesho. Ukijua thamani ya kila hali ya kesho, uamuzi wa leo unajitatua. Kwa hivyo unaanzia mwisho, unarudi kinyumenyume. Bellman alisimulia kwamba alichagua jina hilo ili kumficha waziri wa ulinzi, Wilson, ambaye hakutaka kusikia neno utafiti. Stori tamu, lakini ina doa: Wilson aliingia ofisini 1953, na Bellman alishachapisha makala yenye jina hilo 1952. Wanahisabati pia hupiga chumvi, kumbe.

Kwa miaka mingi wachumi waliitumia hesabu hii kuambia watu wafanye nini. Rust aliigeuza. Alichukua rekodi za mabasi 162, miaka kama kumi, mwezi kwa mwezi: basi limetembea maili ngapi, injini ilibadilishwa lini. Kisha akauliza, kama huyu mzee anafikiria mbele, ni gharama gani kichwani mwake zingemfanya aamue hivi? Kompyuta ilikisia gharama, ikatatua shida yote ya Zurcher kutoka mwanzo, ikalinganisha na rekodi, ikakisia tena. Kila kisio, hesabu nzima upya. Kwa kompyuta za wakati ule hiyo haikuwa mchezo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Mabasi mawili yenye maili sawa, Zurcher anabadilisha injini ya moja na kuacha nyingine. Mtu mwingine angesema makanika anabahatisha. Rust alisema hapana: kuna kitu Zurcher anakiona au kukisikia ambacho hakiko kwenye daftari langu. Basi akaacha nafasi ndani ya hesabu kwa ajili ya vitu hivyo. Yaani ujuzi wa fundi ulipewa alama yake kwenye mlinganyo, hata kama msomi haujui.

Halafu akapima subira. Kwenye hesabu hizi kuna namba inayosema unaijali kesho kiasi gani: sifuri maana yake unaishi leo tu, karibu na moja maana yake kesho ni karibu sawa na leo. Alijaribu 0 na 0.9999. Ya 0.9999 ndiyo iliyolingana vizuri zaidi na alichofanya Zurcher.

Hii inanigusa kwa sababu tumezoea kusikia kwamba watu wa kazi za mikono hawapangi, wanaishi kwa siku. Nani alipima? Ukimwona mama mboga anauza hasara jioni, pengine anajua kitu kuhusu nyanya za kesho ambacho wewe hujaandika popote.

Mpaka leo, wanafunzi wa uchumi wanaojifunza njia hii huanza na mabasi ya Madison. Wanakaa usiku wakiandika programu ya kompyuta, wakijaribu kufikiria kama Zurcher.