Dhahabu ya Kakamega na Makomredi wa Kwanza

Kijana wa Kakamega mwenye umri wa miaka 16 au 17 ambaye leo, wakati wa likizo, hufungua simu na kukutana kwa mara ya kwanza na maandishi ya Karl Marx, aghalabu hudhani kuwa yu peke yake. Kwamba itikadi ile ni mgeni aliyeshuka jana katika nchi ya Waluhya, na kwamba hakuna mzee wala jirani awezaye kumpa habari zake. Dhana hiyo haina msingi. Udongo anaoukanyaga una kadhia iliyosomwa na Wakomunisti wa London kabla babu yake hajazaliwa, na kadhia hiyo ilianza na dhahabu.

Mwaka 1931 mlowezi mmoja wa Kimarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu katika bonde la mto Yala, karibu na Kakamega. Zilikuwa siku za dhiki duniani kote: bei ya mahindi na kahawa imeanguka, nzige wamekula mashamba, na walowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambao wengi wao walikuwa ukingoni mwa kufilisika, wakamiminika huko na masururu na makarai yao wakitumaini kuokolewa na ardhi ambayo haikuwa yao. Sheria ya amana ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba rizavu zao ni zao milele, na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kwa haja ya umma sharti kifidiwe kwa kipande kingine cha kadiri ile ile, baada ya Baraza la Wenyeji kuulizwa. Desemba 1932, kabla ahadi hiyo haijatimiza miaka 3, serikali ya koloni iliigeuza sheria yake yenyewe ili ardhi yenye madini itwaliwe pasipo fidia ya ardhi na pasipo baraza kuulizwa. Askidikoni Walter Owen wa kanisa la Kianglikana, aliyekuwa akifanya kazi miongoni mwa watu wa Kavirondo, kama magharibi hii ilivyoitwa siku zile, alipaza sauti. Bunge la Uingereza likajadili. Lakini mashimo yakaendelea kuchimbwa, na mgodi wa Rosterman, ambao jina lake limebaki kuwa jina la mtaa mjini Kakamega, ukafanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Katika siku hizo hizo mtu mmoja aliyeitwa Johnstone Kenyatta alikuwa Moscow, akisoma katika chuo kikuu cha Wakomunisti kilichowekwa kwa ajili ya watu wa Mashariki na wa makoloni. Njia ya kufika huko alifunguliwa na George Padmore, mzaliwa wa Trinidad, mhariri wa gazeti la The Negro Worker. Mwaka 1933 Kenyatta aliandika juu ya dhahabu ya Kenya katika Labour Monthly, jarida la Rajani Palme Dutt, mmoja wa vigogo wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, na hivyo dhuluma iliyotendeka kando ya mto Yala ikawa hoja ya wafanyakazi wa Ulaya dhidi ya ubeberu. Kwamba mtu huyo huyo, alipokuwa Rais, aliipa kisogo itikadi ile, na kwamba serikali yake ilitangaza katika waraka wake maarufu wa mwaka 1965 kwamba ujamaa wa Kiafrika hauna haja ya Marx, ni jambo ambalo kila kijana anayetafuta viongozi wa kuwafuata yampasa alitie moyoni.

Huku nyumbani, vijana waliosomeshwa na misheni walianzisha North Kavirondo Central Association, chama kilichotetea ardhi na kushirikiana na kile cha Wakikuyu. Majina ya Andrea Jumba, Erasto Ligalaba, John Adala na Lumadede Kisala yametajwa katika historia yake. Hawakuwa Wakomunisti, wala si insafu kuwavisha kanzu wasiyoishona. Walikuwa watu wa Biblia na wa maombi ya maandishi, walioamini kwamba serikali ikielezwa haki kwa heshima itaitenda. Lakini walijifunza lile ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha peke yake, yaani kwamba mwenye dhiki hana budi kumtafuta mwenye dhiki mwenzake, hata kama lugha zao ni tofauti. Kufikia mwaka 1940, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto na serikali ikivipiga marufuku vyama vya Waafrika, sauti yao ilikuwa imezimika.

Aliyeufikisha Ukomunisti wenyewe katika maisha ya makabwela wa Kenya alikuwa Makhan Singh, aliyefika nchini kutoka Punjab mwaka 1927 hajatimiza miaka 14, akasoma katika shule ya Wahindi ya Nairobi, na akaonja taabu ya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha babake. Mwaka 1935, akiwa na miaka 21 tu, alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi ambacho kilifungua milango kwa watu wa rangi zote, jambo lililokuwa nadra mno katika koloni lile. Mgomo walioufanya mwaka 1937 ulidumu siku 62. Mei 1950 alikamatwa, na mbele ya hakimu hakuficha kuwa yeye ni Mkomunisti. Akawekwa kizuizini miaka zaidi ya 11. Kwa maoni yangu hakuna Mkenya aliyelipa ghali zaidi kwa itikadi hii, na ni aibu kwamba barobaro wengi humaliza sekondari bila kulijua jina lake.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka kwa muda mfupi. Oginga Odinga alipeleka vijana kusoma Urusi na nchi nyingine za kambi ile; yeye, Pio Gama Pinto na Bildad Kaggia wakasimamisha Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 ili kuwafundisha siasa makada wa KANU, chama tawala. Pinto aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965, taasisi ikafungwa mwaka ule ule, na chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku mwaka 1969 baada ya damu kumwagika Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi tu kutoka Kakamega.

Kisha yakaja madhila ya miaka ya 1980, ambapo kupatikana na karatasi moja yenye maneno yasiyoipendeza serikali kulitosha kumpeleka mtu gerezani. Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake makuu yalikuwa Kakamega, ulitoa sadaka yake: Titus Adungosi, kijana wa Kiteso aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 akafia gerezani, naye Wafula Buke wa Bungoma, aliyeshika uongozi ule ule mwaka 1987, alifungwa miaka 5.

Leo sheria hairuhusu mtu kufungwa kwa kitabu. Katiba ya 2010 inalinda haki ya kujiunga na chama, na mwaka 2019 chama kilichokuwa kikiitwa Social Democratic Party kilijitangaza kuwa Chama cha Kikomunisti cha Kenya, ingawa uamuzi wa mwenyekiti wake, Mwandawiro Mghanga, wa kuuunga mkono muungano wa William Ruto mwaka 2022 ulikipasua. Mabishano hayo ya makomredi si madogo, ila kwa mtu wa Kakamega liko jambo lililo kubwa zaidi. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa dhahabu wa magharibi mwa Kenya kutoka Barrick, na swali la 1932, la nani ahame na alipwe nini, limerejea vinywani mwa watu wa Ikolomani.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba za Shinyalu, Ikolomani na Lurambi: ikiwa sandukuni mwa marehemu baba au babu mna stakabadhi ya chama cha zamani, barua kutoka Moscow, au picha ya darasa la Lumumba, msiichome wala msiiache iliwe na mchwa. Pelekeni nakala katika maktaba ya umma mjini, na mwiteni kijana wenu aisome kabla hajakwenda kuwatafuta makomredi mbali.