Maana Yake Viwavi

Ukipandisha watoto wa shule mlimani Mwitongo, hapa Butiama, hawajamaliza hata kusema shikamoo, mmoja ameshauliza: "Babu, Nyerere maana yake nini?" Ni viwavi, mjukuu wangu. Burito, baba yake Mwalimu Nyerere, alizaliwa yapata mwaka 1860, nchi ya Wazanaki ikiwa imevamiwa na viwavijeshi, akabandikwa jina lao. Mwalimu mwenyewe kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, kisha mganga akashauri abadilishwe aitwe Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Na Mwitongo? Ni mahame, mahali palipowahi kuwa na mji watu wakahama. Mahame yasiyokaukiwa wageni!

Maswali hayo nimeyajibu miaka mingi, na kuna siku yalinichosha. Binti mmoja aliyekuja na wenzake kutoka Bunda aliuliza habari ya viwavi wakati mwenzake alikuwa ameiuliza muda si mrefu. Nikamkemea: "Si nimeshasema?" Akafunga daftari, kalamu ikiwa ndani. Hakuuliza tena hadi basi lao lilipoondoka. Lile daftari lenye kalamu tumboni silisahau.

Wazee wetu hawakumpokea mgeni hivyo. Burito alikuwa mtemi kuanzia 1915 mpaka alipofariki 1942. Alikuwa na wake 22, na Christina Mugaya, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Mji wa namna hiyo haukosi mgeni. Miongoni mwa wageni hao alikuwa mtemi mwenzake mmoja ambaye, kama tunavyosimuliwa, alicheza bao na Kambarage akiwa bado mtoto, akaiona akili yake, akamshauri Burito ampeleke shule. Mgeni ndiye aliyeona walichokizoea wenyeji.

Mwaka 1934 ikawa zamu ya Kambarage kuwa mgeni. Alikwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita kama 40, akiwa na miaka 12 hivi. Nyumbani walisema Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni. Huwa namwaza siku zile za kwanza bwenini: kengele hii ya nini, neno hili maana yake nini, tunakula wapi? Bila shaka wa mwaka uliotangulia walikuwa wameuliza hayo hayo.

Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa hapa tarehe 2 Julai 1999. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo Mwalimu akafariki London, na tarehe 23 tukamzika hapa Mwitongo. Tangu hapo wanakuja wasiomjua hata kwa sauti ya redioni, waliozaliwa baada ya msiba. Ukimwambia mtoto kama huyo "hilo linajulikana", linajulikana na nani?

Siku hizi swali likirudi simjibu aliyeuliza. Namgeukia yule aliyetangulia kuuliza, namwambia, "Haya mura, mweleze mwenzako." Anaeleza, anakosea, wenzake wanamsahihisha kwa kelele. Mmoja aliwahi kusema Nyerere maana yake nzige. Tulicheka, na nina hakika katika kundi lile hakuna atakayesahau viwavi.

Ukifika nawe, uliza tu. Kaburi la Mzee Burito liko hapo hapo, tutaanzia kwake.