Punda Milia wa Pili

Wadau, aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua sheria hii bila kufundishwa: sehemu ya pili haifikii ya kwanza. Steringi yule yule, adui kabadilishwa sura, milipuko imeongezwa, hadithi ilishakwisha zamani. Na kwetu Bongo mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kwa miaka mingi sehemu ya pili haikuwa hata filamu nyingine. Ilikuwa nusu ya filamu ile ile! Enzi za DVD hadithi moja ilikatwa katikati na kuuzwa mara mbili. Ndiyo maana filamu nyingi za wakati ule zina gari linaloingia getini taratibu, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, anabisha hodi, anasubiri... dakika lazima zijae.

Leo nawaletea historia ya sehemu ya pili iliyoivunja hiyo sheria. Ni ya Kijapani, na steringi wake ni mwalimu wa shule ya msingi anayevaa nguo za punda milia. Msicheke kwanza.

Ya kwanza inaitwa Zebraman, ilitoka Japani mwaka 2004. Ya pili ilitoka Mei 2010, na jina lake la Kijapani, Zebraman: Zebra City no Gyakushu, tunaweza kulifasiri kuwa "Jiji la Punda Milia Lashambulia". Zote mbili kaongoza Takashi Miike, kaandika Kankuro Kudo, na steringi ni Show Aikawa. Sisi wa huku Iramba, ambako Serengeti haiko mbali sana, punda milia ni mnyama wa kawaida. Kule Serengeti wanakadiriwa laki mbili wanaosafiri na nyumbu kila mwaka, na katika msafara wote ule hakuna anayewaogopa. Mjapani naye alijua hivyo hivyo. Ukitaka shujaa wa kutisha unamvika usimba au uchui. Ukimvika upunda milia unatania, na ya kwanza ilikuwa utani, ingawa utani wenye uchungu ndani yake.

Lakini ili muelewe utani huo lazima turudi nyuma kidogo.

Machi 1, 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Meli ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ikanyeshewa majivu yenye sumu ya mionzi. Ilikuwa na wavuvi 23, na mmoja wao alikufa Septemba mwaka ule ule. Novemba 3 ikatoka Godzilla, mnyama aliyeamshwa na mabomu akaja kuikanyaga Tokyo. Ndani ya Godzilla alikuwemo mtu aliyevaa vazi zito la mpira, na Tokyo yenyewe ilikuwa vijumba vya kuchonga. Watu walilia kwenye majumba ya sinema, maana ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu Hiroshima na tangu Tokyo yenyewe iteketezwe kwa mabomu ya moto. Sasa angalieni: ya pili ilitoka Aprili 1955, haijatimia hata miezi sita! Ile ya kwanza ilikuwa msiba. Ya pili ikawa mnyama kupigana na mnyama. Sheria yetu ya banda la video ilikuwa inafanya kazi Tokyo kabla banda lenyewe halijazaliwa.

Kutoka hapo Wajapani wakajenga ukoo mzima wa mashujaa wa kuvaa mavazi. Mwaka 1958 alikuja Gekko Kamen kwenye televisheni, kilemba cheupe, miwani myeusi, pikipiki. Mwaka 1966 Ultraman. Mwaka 1971 Kamen Rider, na huyu mumkumbuke, tutamhitaji mbele: ni kijana aliyetekwa na genge la waovu, wakamgeuza mwili ili awe silaha yao, akatoroka na kuanza kupigana nao kwa nguvu zile zile walizompa. Mwaka 1975 likaja kundi la vijana watano wenye rangi tano, ukoo ambao Wamarekani waliununua mwaka 1993 wakauita Power Rangers. Basi hao wa rangi rangi mliokuwa mnawaigiza mkirukaruka kitandani asili yao ni Japani.

Zebraman ya mwaka 2004 inajifanya mtoto aliyesahauliwa wa ukoo huo. Kudo alibuni kipindi cha televisheni cha mwaka 1978 ambacho hakikuwahi kuwepo, akasema kilifutwa baada ya vipindi saba tu kwa kukosa watazamaji. Halafu akambuni shabiki wake wa mwisho duniani, mwalimu Shin'ichi Ichikawa. Mwaka ni 2010, wakati huo miaka sita mbele. Mwalimu huyu hana heshima popote. Mkewe ana mwanamume mwingine, binti anazurura na watu wazima, mtoto wa kiume anaonewa shuleni kwa sababu tu baba yake ni mwalimu pale pale. Usiku anashona vazi la Zebraman kwa mkono wake, analivaa, anajitazama kwenye kioo. Basi. Hiyo ndiyo furaha yake.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu filamu hii ilitoka wakati gani? Ni miaka ile ile ambayo sisi tulikuwa tukiwaita walimu wetu wa mafunzo ya haraka haraka "voda fasta", kama vocha. Kabla yao baba zetu waliwacheka walimu wa UPE. Nchi iliyomwita rais wake wa kwanza Mwalimu, na neno likabaki jina lake mpaka leo, ndiyo hiyo hiyo iliyogeuza ualimu kuwa kazi ya aliyekosa kazi. Kwa hiyo mwalimu wa Yokohama anayevaa milia usiku kwa siri, mimi hanichekeshi kama anavyowachekesha wengine. Hapa Kiomboi ningeweza kumwonyesha kidole.

Siku moja anatoka nje na vazi lake, anakutana na mhalifu aliyevaa kichwa cha kaa na mikasi mikononi (kweli kabisa, kaa wa baharini), na nguvu zinakuja. Kuna mwanafunzi wake kwenye kiti cha magurudumu, Asano, ambaye naye anakijua kile kipindi cha zamani. Kuna viumbe wa kijani kutoka anga za mbali, kama uji mzito, chini ya shule. Na kumbe maandiko ya vipindi ambavyo havikurushwa yalitabiri yote haya, na andiko la mwisho linasema Zebraman atashindwa kwa sababu hawezi kuruka. Basi filamu nzima inageuka kuwa mtu mzima anayejifunza kuruka kwa sababu mtoto mmoja anaamini anaweza. Nzuri. Inagusa. Ingeishia hapo hakuna ambaye angelalamika.

Sasa ya pili ilikujaje? Hapa lazima tumzungumze Miike mwenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Toei ilianza kutengeneza filamu za kwenda moja kwa moja kwenye mikanda ya video bila kupitia sinema, wakaziita V-Cinema. Maduka ya kukodisha mikanda yalikuwa kila kona na yalitaka mzigo mpya kila wiki. Bajeti ndogo, siku chache, majambazi na bastola kwa wingi. Masharti yakitimia, mwongozaji anaachiwa afanye wazimu wake. Miike alianzia huko mwaka 1991, na Aikawa akawa mfalme wa huko, kiasi kwamba Zebraman ya kwanza ilitangazwa kama filamu yake ya 100. Mnaona mfanano? Filamu zetu za Bongo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita njia hiyo hiyo: kanda, VCD, DVD, duka, nyumbani. Tofauti ni kwamba kule, katikati ya fujo ile ya biashara, wachache waliutumia ule uhuru. Kwetu uhuru ulitumika kukata filamu mara mbili. (Najua nitachukiwa, lakini zitazameni tena.)

Kwa hiyo Miike alipopewa nafasi ya kurudi, hakumrudisha yule kaa wala uji wa kijani uliopakwa rangi mpya. Alifanya kitu ambacho watengenezaji wa sehemu ya pili huogopa: aliuchukua ushindi wa filamu ya kwanza akautazama kwa wasiwasi.

Mwaka 2025. Ichikawa anazinduka, hakumbuki kitu, miaka 15 imepita. Tokyo si Tokyo tena, inaitwa Zebra City. Ile milia aliyoishona kwa mkono wake chumbani iko kwenye mabango na kwenye sare za polisi. Na kuna sheria. Saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, kwa dakika tano, linafika Zebra Time, na ndani ya dakika hizo polisi wanaruhusiwa kumpiga risasi mtu yeyote kwa sababu yoyote. Gavana Aihara anajisifu kwamba uhalifu umepungua. Na kweli umepungua, ndicho kinachotisha! Ukiwa maskini na huna mahali pa kujificha saa kumi na moja, wewe ndiye takwimu.

Miaka mitatu baadaye Wamarekani walitoa The Purge, saa 12 za kuua mara moja kwa mwaka, dunia nzima ikasema wazo jipya. Miike alishalipita. Na la kwake ni kali zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu mauaji ya mara moja kwa mwaka ni sikukuu, lakini mara mbili kwa siku ni ratiba, kama taarifa ya habari. Watu wanaizoea. Anayepaza sauti ya "mwizi!" sokoni kwetu, na tairi likatafutwa, naye ana dakika zake tano, ila hazina saa maalumu.

Msikimbilie kudhani ni ndoto tupu. Tokyo ya wakati ule ilikuwa chini ya gavana Shintaro Ishihara, mwandishi wa riwaya aliyeingia siasa, aliyeshika kiti tangu 1999 hadi 2012. Mwaka 2000 alizua ghasia alipowaambia wanajeshi kuwa wageni wanafanya uhalifu mbaya na huenda wakafanya fujo likitokea tetemeko la ardhi. Sisemi Aihara ni Ishihara, filamu haisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wa Tokyo mwaka 2010 alipomwona gavana akitoa hotuba ya usalama, hakuhitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna Zebra Queen. Huyu ndiye aliyeibeba filamu, na Riisa Naka aliyemwigiza alikuwa binti wa miaka 20 tu. Ni binti wa gavana, mwanamuziki namba moja wa jiji, nguo nyeusi za ngozi, kucha ndefu, sauti ya dharau (wimbo wake ulitolewa madukani kweli, kwa jina la mhusika). Kumbe ametoka wapi? Gavana alimkamata Ichikawa akamweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi, kama ile ya maabara inayotenganisha damu, mpaka weusi ukatengana na weupe. Weusi ukawa huyu mwanamke. Weupe ukabaki Ichikawa, mzee mpole asiye na uwezo wowote. Anavaa vazi lake na ni jeupe tupu. Mmeona wapi punda milia asiye na milia?

Mkumbukeni sasa Kamen Rider, nguvu ya shujaa na ya adui kutoka chungu kimoja. Miike ameugeuza ule urithi: safari hii shujaa ndiye chungu. Kila kinachoua watu Zebra City kilitoka mwilini mwake. Na uzuri wa filamu ni kwamba haimwambii ashinde kwa weupe wake, kwa sababu weupe peke yake umethibitika hauna kazi, unasimama tu na kutazama. Anamhitaji yule mwanamke, na yule mwanamke anamhitaji afe.

Wapo wengi, na wajuzi wa sinema pia, watakaoniambia ya kwanza ndiyo bora, ina moyo, ya pili ni kelele. Nawasikia. Katikati inalegea kweli, kuna nyimbo za Zebra Queen zinazokwenda mno, na zile picha za kompyuta zilikuwa za bei rahisi hata kwa mwaka 2010. Dakika za mwisho ni vurugu ambazo hata nikiwasimulia hamtaamini, kwa hiyo nanyamaza. Lakini ya kwanza inauliza swali tunalolijua wote, kama mtu duni anaweza kuwa mkubwa. Ya pili inauliza baada ya hapo nini. Ukishakuwa mkubwa, alama yako inabaki mikononi mwa nani? Sisi tuna mashati ya vyama na picha za waasisi kwenye kila ofisi, tunaelewa vizuri tu mtu anavyoweza kuondoka na nembo yake ikaendelea na kazi nyingine.

Jambo moja la mwisho, la tarehe. Ya kwanza ilijiweka mwaka 2010, na ya pili ikatoka mwaka huo huo wa 2010, ikajiweka 2025. Nao umeshafika. Atakayeipata aanze na ya kwanza, asiruke, halafu aiweke ya pili jioni, kabla ya saa kumi na moja kama ana roho ngumu. Ya tatu hawajatengeneza.