Stelingi Hafi

Kibanda chenyewe kiko Mafiga, nyuma ya fundi simu. Kiingilio ni shilingi 500, mabenchi ni ya mbao, na sabufa imewekwa mlangoni ili wapita njia wavutike. Jumamosi moja jioni nililipa nikaingia kuona Mission: Impossible – The Final Reckoning, filamu ya nane ya mfululizo ambao Tom Cruise aliuanza mwaka 1996, wakati wengi wetu mle ndani hatujazaliwa. Ilikuwa muvi ya kutafsiriwa. Sauti ya DJ ilifunika za waigizaji, ikaeleza, ikatania, ikamwita Ethan Hunt "mwanetu".

Karibu na mwisho, Hunt ananing'inia kwenye ndege ndogo ya mabawa mawili, juu ya milima na makorongo. Kijana wa benchi la mbele akapiga kelele kwamba jamaa sasa anakufa. Mwenzake hata hakugeuka.

"Stelingi hafi," akamjibu.

Kila aliyekulia vibandani anaijua sheria hiyo. Stelingi atapigwa, atazama majini, ataanguka kutoka angani, lakini hafi. Sheria ya pili ni kwamba msaliti lazima ajulikane. Katika mfululizo huu mtu huvua uso wa bandia, na papo hapo tunajua nani ni nani.

Kisha DJ akatuambia kwamba milima ile ni ya Afrika Kusini, nami nikapoteza utulivu. Katika tukio lile la ndege sikumwona Mwafrika Kusini hata mmoja. Nchi ilikuwa mandhari tu ya watu kufukuzania. Na mimi ninaandika tasnifu kuhusu Waafrika Kusini walioishi hapa Morogoro, mwendo mfupi tu kutoka kibandani, wakiwindwa na majasusi wa kweli.

Baada ya mauaji ya Sharpeville, Machi 1960, serikali ya makaburu ilipiga marufuku chama cha ANC. Oliver Tambo alitoka nchini kwenda kukijenga upya uhamishoni. Katikati ya miaka ya 1960 makao makuu yake yalikuja Morogoro, mji wa mkonge chini ya safu ya Uluguru.

Tarehe 3 Februari 1969, kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi jijini Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Hakupona. Chini ya miezi mitatu baadaye, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei, ANC ilifanya mkutano wake mkubwa hapa Morogoro. Wajumbe walikuwa na mengi ya kuulizana. Mapigano ya Wankie ya mwaka 1967 hayakuwafikisha nyumbani, na Chris Hani na wenzake walikuwa wameandika waraka mkali wakiwalaumu viongozi. Walisimamishwa kwa kosa hilo, kisha wakarudishwa. Kila ninaposoma habari hiyo najiuliza ni mara ngapi msema kweli amedhaniwa kuwa adui.

Sisi nasi tulikuwa na stelingi wetu. Mwaka 1974 Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, ambamo mpelelezi Willy Gamba anafuatilia hadi Nairobi siri za ukombozi zilizoibwa Dar es Salaam. Baba yangu alikisoma akiwa sekondari, na mimi nikakirithi kikiwa hakina jalada. Willy Gamba hafi, na msaliti hujulikana kabla ya ukurasa wa mwisho.

Mazimbu haikuwa hivyo. Baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto, Juni 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Baadaye wakapewa na eneo la Dakawa. Wengi wa waliokuja waliacha majina yao mpakani wakachukua mengine, ili ndugu waliobaki nyumbani wasiteswe. Hapo ndipo filamu inapotudanganya. Jasusi alikuja na jina la uongo, na mwaminifu naye alikuja na jina la uongo. Hapakuwa na uso wa bandia wa kuvua.

Na hofu haikuwa ya kujitungia. Januari 1981 makomando wa makaburu waliwaua wanachama wa ANC huko Matola, Msumbiji. Agosti 1982 Ruth First aliuawa kwa bomu la kifurushi mjini Maputo. Lakini mwaka huohuo wa 1981, ANC ilipoamini kwamba imegundua mtandao wa majasusi ndani yake, hofu ilianza kuwala wenyewe. Watu walifungwa bila kesi, na katika kambi ya Quatro, kaskazini mwa Angola, wengine waliteswa. Mwaka 1993 tume ya Motsuenyane, iliyoundwa na ANC yenyewe, ilithibitisha kwamba maovu hayo yalitendeka.

Mwaka jana nilimtembelea mzee mmoja aliyewahi kuwa seremala Mazimbu. Baada ya shikamoo na chai, nilimuuliza kuhusu miaka ile ya kushukiana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, wale walikuwa wageni wetu. Mgeni hasemwi." Nilimwelewa. Nikarudi nyumbani nikaiondoa sura ile kwenye tasnifu, nikabakisha mkutano, shule na ukarimu wa Watanzania. Yote ni kweli, na ninajivunia.

Ila nilipotoka kibandani usiku ule, niliona kwamba nilikuwa nimeandika muvi. Stelingi wangu hakuwahi kumkosea mtu, na niliowaita wasaliti hawakuwa na mama.

Jumatatu nilikwenda makaburini Mazimbu. Shule ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafunzi hupita na mabegi yao kuwahi vipindi. Waliozikwa pale walikuja kujificha kwa muda tu, wakingoja siku ya kurudi. Nilisoma majina kaburi moja baada ya jingine, nikijua kwamba kuna wengine walioshukiwa bure ambao hawana hata jiwe.

Jioni nilifungua kompyuta, nikaitafuta sura niliyoifuta, nikairudisha. Kwanza nitampelekea mzee aisome.