Chumvi kwenye Minara ya Koeberg

Mimi ni fundi nondo wa Tanga, na ukuta ninaouwaza kuliko wote sikuujenga mimi. Uko Koeberg, Afrika Kusini, ufukweni mwa Atlantiki, kilomita 30 hivi kaskazini ya Cape Town, kwenye kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia barani Afrika.

Ujenzi ulianza mwaka 1976 kwa michoro ya Kifaransa. Tetemeko la ardhi la 1969 huko Tulbagh, mji wa ukanda huohuo, lilikuwa halijasahaulika, hivyo yakamwagwa majamvi mawili ya zege, moja juu ya jingine. Katikati zikapangwa pedi za mpira zaidi ya 1,000 zenye mabamba ya kuteleza, ili ardhi ikitikisika jamvi la juu litembee pasipo kupasuka. Kazi hiyo naistahi sana.

Juu yake ikapandishwa minara miwili ya mviringo, mmoja kwa kila mtambo. Ukuta una unene wa sentimita 90 hivi, na kwa ndani umevikwa bati la chuma. Zege hustahimili kubanwa, ila likivutwa huchanika. Ajali ikitokea na mvuke ukafura ndani, ndivyo ungeuvuta ukuta. Kwa hiyo walipitisha kebo za chuma kwenye mabomba yaliyozikwa ukutani, wakazivuta kwa jeki mpaka zikaubana mnara wote, kisha wakajaza uji wa saruji. Kebo hizo hazikazwi tena, na mnara haubadilishwi kama pampu.

Desemba 1982 mabomu ya Umkhonto we Sizwe, wapiganaji waliopinga utawala wa ubaguzi wa rangi, yalilipuka kituoni kabla mtambo haujawashwa. Kazi ikachelewa, lakini mwaka 1984 umeme ukatoka.

Kilichokuja kuisumbua minara ni upepo wa bahari. Chumvi hupenya zege polepole. Ikifikia nondo, kutu huvimba na zege hubanduka. Sisi wa pwani tunaujua ugonjwa huu. Ndiyo maana kijana akitaka kumwaga zege bila biskuti, vile vipande vinavyoinua nondo zisiguse fomu, namsimamisha hapo hapo. Sentimita 2 anazopunguza ni miaka ya nyumba ya mtu.

Koeberg walibomoa sehemu zilizobanduka wakaziba upya, na tiba iliyopangwa ni kupitisha umeme mdogo kwenye nondo kuzuia kutu. Julai 2024 mtambo wa kwanza uliongezewa leseni ya miaka 20. Mnara hupimwa kwa kujazwa hewa yenye shinikizo, kuona kama unavuja. Ningeomba kikosi cha wapimaji kiwe pia na fundi nondo, anayeweza kugonga ukuta kwa nyundo akasikia palipoachana.