Beit el-Mtoni: Kasri la Pwani na Njia ya Uvira

Miongoni mwa majumba ambayo ukoo wa Busaidi uliyajenga kisiwani Unguja, la Mtoni ndilo kongwe. Lilisimama ufukoni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe, kando ya kijito kinachoingia baharini. Aliyelijenga ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman tangu 1806, ambaye alizuru Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na hatimaye akayahamishia huko makao yake.

Jina la nyumba hiyo linastahili kuangaliwa kabla ya kuta zake. Beit ni nyumba kwa Kiarabu, na el ni kibainishi cha lugha hiyo hiyo. Lakini kinachobainishwa ni neno la Kiswahili, mto, pamoja na kiambishi -ni cha mahali. Yaonekana wageni walikuta mahali pana jina, wakalichukua pamoja na sarufi yake. Msomaji wa Mulongwe, ambako mto na mtaa huitwa kwa jina moja, hatastaajabu kwamba maji yameitangulia nyumba.

Habari za maisha ya ndani twazipata hasa kwa Salme binti Said, aliyezaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, baada ya kuolewa Aden na kuitwa Emily Ruete. Anasimulia ua mpana walimotembea paa, tausi, heroe na mbuni; hamamu zilizopangana upande mmoja; na roshani ya mbao iliyoelekea bahari, ambapo baba yake alizoea kutembea huku na huko akichechemea kwa jeraha la zamani la vita. Sayyid alikaa Mtoni siku nne za juma, na tatu mjini. Mwenye amri nyumbani alikuwa mkewe mkuu, Azze binti Seif. Salme anakadiria kuwa wakazi walizidi 1000, wakiwamo masuria, watoto, matowashi na watumwa.

Kwa mwanaisimu, ushahidi wa Salme kuhusu lugha una thamani ya pekee. Mbele ya Sayyid, anasema, Kiarabu peke yake ndicho kilichoruhusiwa. Alipogeuza mgongo, zilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Kila moja ya lugha hizo ilikuwa na safari yake, na wengi wa waliozileta hawakuichagua safari hiyo.

Hapa ndipo kasri linapokutana na ziwa letu. Gharama za nyumba ile zililipwa kwa karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha. Salme anataja mashamba 45 ya baba yake. Watumwa walioyalima walitoka zaidi upande wa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Kutoka Tanganyika, bidhaa kubwa ilikuwa pembe, ingawa watu nao waliuzwa Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Sayyid kufariki baharini, waliikuta ni kituo cha kaskazini cha biashara ya pembe, watumwa, nafaka na vyombo vya chuma. Kiswahili kilipanda kwa njia ile ile ambayo pembe zilishukia. Kumbukumbu za Salme hazifiki huku. Tena, zinapogusa utumwa, zinautetea. Yafaa zisomwe kwa shukrani na kwa hadhari pamoja.

Baada ya 1856 jumba lilipoteza bwana wake, na warithi wakapenda kwingine. Barghash alijijengea kasri la Maruhubi, karibu na hapo, ambalo nalo liliungua mwaka 1899. Salme aliporejea Unguja mwaka 1885, akifuatana na manowari za Kijerumani, alikuta Mtoni pamekwisha kuwa gofu. Biashara iliyolilisha nayo ilikuwa imevunjwa kwa sehemu: soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897.

Baadhi ya kuta zingali zimesimama. Katika mazungumzo ya kila siku neno Beit limedondoka, na watu hupaita Mtoni tu.